UCHAMBUZI: Wageni wa Juni na vidonda vya Kibera na Kawangware

KILA Juni, vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya vinapofunga kwa likizo ndefu, makundi ya wanafunzi huteremka katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta yakiwa na mikoba ya mgongoni, chupa za maji na ratiba ya wiki nne, sita au nane. Wengine huelekea Maasai Mara. Wengine, na hao ndio tunaowazungumzia hapa, huelekea Kibera na Kawangware. Hawakuja kutalii, angalau si kwa mujibu wa karatasi zao. Wamekuja kwa mpango unaoitwa kujifunza kwa kutumikia: mwanafunzi hufanya kazi katika jamii, huandika aliyoyaona na kuyatafakari, kisha chuo chake humpa alama zinazohesabiwa katika shahada.

Hapo awali kazi yenyewe ilikuwa kupaka rangi darasa, kuchimba mtaro au kufundisha Kiingereza. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007, limeongezwa jukumu zito kuliko hayo, yaani kuzisaidia jamii zipone majeraha ya vita. Kijana wa miaka ishirini, ambaye pengine hajawahi kuhudhuria mazishi ya mtu aliyeuawa, huketishwa mbele ya mama aliyechomewa nyumba au kubakwa, akatarajiwa kumsaidia.

Ni vyema kuuliza bila kejeli iwapo kazi hiyo inawezekana. Nadhani jibu limekwisha kuandikwa katika historia ya Kibera yenyewe kwa muda wa robo karne, ila wanaolisoma ni wachache. Mgeni husaidia pale anapomkuta mwenyeji ameshaanza, na pale kazi inapobaki mikononi mwa yule asiye na tikiti ya kurudi kwao.

Tuanze na vidonda vyenyewe, maana mara nyingi mgeni huelezwa kwamba makabila ya Kenya huchukiana tangu jadi na kwamba dawa yake ni kuwaketisha watu pamoja wakazungumza. Mwishoni mwa mwaka 2001, damu ilimwagika Kibera kwa sababu ya kodi ya nyumba. Rais wa wakati huo, marehemu Daniel arap Moi, alikuwa ametamka hadharani kwamba kodi ni kubwa mno na inafaa ipunguzwe. Marehemu Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Langata, eneo ambalo wakati huo lilijumuisha Kibera, aliunga mkono. Wapangaji wakagoma kulipa, wenye nyumba, wengi wao Wanubi, wakakataa, na watu wakauana kwa ajili ya vyumba vya udongo na mabati ambavyo mmiliki wake hakuwa na hati ya ardhi wala mpangaji wake risiti. Wanubi wenyewe, wajukuu wa askari wa jeshi la wakoloni la King's African Rifles waliopewa makao msituni humo mwanzoni mwa karne iliyopita, walisubiri hadi Juni 2017 kukabidhiwa hati ya ekari 288.

Kisha zikaja ghasia za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Soko la Toi lilichomwa, reli iendayo Uganda iling'olewa, na wenye nyumba wa jamii zilizohesabiwa kuwa za upande wa pili walifukuzwa Gatwekera na vijiji vya jirani. Wapangaji wakabaki ndani ya nyumba hizo bila kulipa. Tume ya Jaji Philip Waki iliripoti mwezi Oktoba mwaka huo kwamba watu 1,133 walikuwa wameuawa nchini. Takwimu hiyo imerudiwa mara nyingi hata imepoteza makali yake. Lililosahaulika ni kwamba katika vijiji kadhaa vya Kibera ghasia zilipokoma hazikuacha maiti na majivu peke yake. Ziliacha pia mgogoro wa mali, ambapo mtu analala katika chumba alichojenga mwenzake, na wote wawili wanajua.

Kawangware ni hadithi nyingine, ingawa vipeperushi vya safari huitaja mitaa hii miwili kwa pumzi moja. Kibera ilikua juu ya ardhi ya serikali. Kawangware iko Dagoretti, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni ya watu binafsi, familia za Wakikuyu waliorithi mashamba ya wazee wao na kuyajenga vyumba vya kupangisha. Mara nyingi mwenye ploti huishi mumo humo na wapangaji wake, wengi wao wakiwa Waluhya na watu wengine kutoka magharibi ya nchi. Wote hutumia lango moja, bomba moja la maji na kamba moja ya kuanikia nguo. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017, na marudio yakafanywa Oktoba 26 huku upinzani ukisusia, moto uliwaka Kawangware siku iliyofuata. Maduka na vibanda viliteketezwa karibu na steji ya 56, magenge yakapambana Gatina na watu wakauawa. Jumatatu yake, mpangaji na mwenye nyumba walikutana tena kwenye bomba lile lile.

Mtu anayetaka kuziponya jamii hizi basi hana budi kujua kwamba anashughulikia kodi, hati, risiti na bomba la maji sawa na anavyoshughulikia nafsi za watu. Hapo ndipo wiki sita zinapoanza kuonekana chache.

Hata hivyo, si kweli kwamba wanafunzi wa kigeni hawajawahi kufanya la maana. Taasisi mbili zinazofahamika zaidi Kibera zina wanafunzi wa Kimarekani katika asili yake, na jinsi zilivyoanza kunastahili kusimuliwa kwa utaratibu.

Mwaka 2000, Rye Barcott, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina aliyekuwa akijiandaa kuwa afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, alikuja Kibera kuchunguza maisha ya vijana na uhasama wa kikabila. Alijifunza Kiswahili kidogo na kupanga chumba. Kabla ya kuondoka alimpa Bi Tabitha Atieno Festo, muuguzi mjane aliyekosa kazi, dola 26, ambazo kwa thamani ya wakati huo zilikuwa takriban Sh2,000. Bi Festo alitaka mtaji wa kuuza mboga. Barcott aliporejea mwaka uliofuata, alikuta faida ya mboga imegeuzwa zahanati ndani ya nyumba ya Bi Festo, na wagonjwa wakitibiwa humo.

Mwaka huo wa 2001, ndio ule wa vita vya kodi, Barcott, Bi Festo na Bw Salim Mohamed, aliyekuwa amepitia chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, walianzisha shirika la Carolina for Kibera. Kazi ya kwanza ilikuwa ligi ya soka. Sharti lake lilikuwa kwamba timu iwe na mchanganyiko wa makabila, na kwamba wachezaji washiriki kusafisha mtaa. Wazo hilo halikutoka Carolina. Lilitoka Mathare, ambako MYSA ilikuwa ikilitumia tangu ilipoundwa mwaka 1987 na Bob Munro, raia wa Canada, pamoja na vijana wa huko. Vilevile zahanati haikutoka kwa Barcott. Alichofanya ni kuamini, kuchangisha na kurudi. Bi Festo alifariki Desemba 2004, na jengo la ghorofa linalobeba jina lake lilifunguliwa mwaka 2009. Barcott naye alihudumu Bosnia, Pembe ya Afrika na Iraq akiwa afisa wa jeshi huku shirika likiendelea bila yeye kuwapo, na msomaji atapima mwenyewe maana ya mtu kupanda amani kwa mkono mmoja na kubeba bunduki kwa mwingine.

Ya pili ni SHOFCO. Bw Kennedy Odede, kijana aliyelelewa Kibera, aliianzisha mwaka 2004 kwa mpira ulionunuliwa kwa senti 20 za dola. Kundi lake lilicheza soka, likasafisha mitaro na kuigiza michezo ya jukwaani vichochoroni kuhusu mambo ambayo watu waliyaonea haya kuyasema, ukatili dhidi ya wanawake ukiwa mojawapo. Mwaka 2007, Bi Jessica Posner, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wesleyan aliyekuwa Kenya kwa muhula mmoja, aliomba kujiunga na wacheza ngonjera hao. Tena alishikilia kuishi Kibera penyewe ilhali wasimamizi wa wanafunzi wa aina yake huwataka walale mbali na huko. Ghasia zilipozuka, Bw Odede alilazimika kuukimbia mtaa. Akapata ufadhili wa kusoma Wesleyan, akahitimu 2012. Shule ya wasichana waliyoiasisi pamoja ilifunguliwa Kibera mwaka 2009, ikisaidiwa na ruzuku ya dola 10,000 ya mpango wa Projects for Peace, uliobuniwa na Bi Kathryn Wasserman Davis alipotimiza umri wa miaka mia moja mwaka 2007 ili wanafunzi wabuni miradi ya amani wakati wa likizo.

Kuna jambo moja katika hadithi ya SHOFCO ambalo halisemwi vya kutosha. Zahanati iliyofunguliwa mwaka 2010 karibu na shule hiyo ilipewa jina la msichana aliyekuwa mwanafunzi wa Wesleyan, aliyepigwa risasi na kuuawa mchana kweupe Mei 2009 karibu na chuo chake, jimbo la Connecticut. Sikusudii kulinganisha misiba. Nasema tu kwamba wanafunzi wanaotoka nchi ambako mtu huuawa dukani akiwa kazini hawana sababu ya kuja hapa kana kwamba vurugu ni ugonjwa wa kitropiki. Waliolipa jengo hilo jina lake walielewa hivyo. Wagonjwa wa Kibera wametibiwa ndani ya nyumba ya matanga ya Wamarekani.

Tukizitazama hadithi hizi mbili kwa makini tutaona kwamba hakuna mwanafunzi aliyeponya mtu. Bi Festo alikuwa muuguzi kabla ya kuonana na Barcott. Michezo ya kuigiza ya Bw Odede ilikuwa ikichezwa kabla Bi Posner hajapanda ndege. Kilicholetwa na wageni ni fedha, milango ya vyuo na magazeti ya kwao, na la maana kuliko yote, kurudi. Walirudi mwaka wa pili, wa tatu na wa kumi. Programu nyingi za likizo huleta kila Juni nyuso mpya ambazo hazitarudi, na chuo hujivunia idadi yao.

Madhara ya mtindo huo si ya kubuni. La kwanza ni la masimulizi. Mwanamke aliyenusurika mwaka 2008 au 2017 huombwa na shirika lililomsaidia awasimulie wageni yaliyompata. Anakubali, kwa kuwa ni vigumu kulikatalia shirika linalomlipia mtoto karo. Mwaka unaofuata huombwa tena. Wanafunzi hulia, humkumbatia, huandika katika madaftari yao, kisha basi huondoka na yeye hubaki na usiku wake. Wataalamu wamelionya jambo hili kwa muda mrefu. Uchunguzi wa kitabibu kuhusu vikao vya mara moja vya kumtaka mtu asimulie maafa yake haukuonyesha kwamba vinazuia maradhi ya kiwewe, na ulionyesha kuwa kwa baadhi ya watu huenda vikadhuru. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, linamtaka msaidizi aangalie, asikilize na amuunganishe mwathiriwa na huduma, bila kumshurutisha aseme. Mwanafunzi anayehitaji kisa cha kuandikia insha yake yumo katika nafasi mbaya sana ya kuutii mwongozo huo.

La pili linahusu watoto. Wanafunzi wengi hupelekwa kwenye vituo vya watoto kwa kuwa huko ndiko wanakopokewa haraka. Mtoto aliyepoteza wazazi au aliyeona nyumba ikiungua hushikamana na mgeni wa Juni, akaachwa Julai, akashikamana na mwingine. Yapo pia maovu makubwa zaidi. Mwezi Machi 2016, mahakama moja ya Oklahoma, Marekani, ilimfunga kijana wa huko miaka 40 kwa kuwadhulumu kimapenzi watoto wa kituo alichokuwa akijitolea Nairobi. Alikuwa amefika akiwa kijana wa kanisa, mwenye tabasamu na barua nzuri. Mwaka uliofuata, serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya kulelea watoto. Kwa mzazi wa Kawangware, kuuliza mgeni amechunguzwa na nani kabla ya kuachiwa chumba chenye watoto thelathini si ukosefu wa ukarimu.

Mawazo kama haya si mapya. Mnamo Aprili 20, 1968, padri na mwanafalsafa Ivan Illich aliwahutubia mjini Cuernavaca, Mexico, wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wakijiandaa kutumikia vijijini. Aliwaambia waje kutazama, kusoma na kupanda milima, bali wasije kusaidia, kwa kuwa hata lugha ya kuambiwa kwamba hawatakiwi hawakuwa nayo. Aliuma bila kupuliza. Binafsi naona alikwenda mbali mno, kwani ushauri huo ungefuatwa Barcott asingalirudi na zile Sh2,000 zisingalizaa kitu. Lakini kuhusu lugha alisema kweli tupu.

Hebu tulitazame suala hilo la lugha, maana sisi tunaokata riziki kwa kuhariri maneno hatuwezi kulipita. Mgeni huuliza kwa Kiingereza, mkalimani kijana hutafsiri, mama hujibu. Neno kiwewe, ambalo sisi wa magazeti hulitumia kwa raha, halisikiki mara nyingi Laini Saba. Mtu husema ana mawazo. Tafsiri hiyo ikipelekwa kwa Kiingereza neno kwa neno, humaanisha tu kwamba mtu huyo anafikiri, na daftari la mwanafunzi hurekodi hivyo. Mwingine husema roho haijatulia, au kwamba mwili umekosa nguvu tangu siku ile. Haya ni maelezo kamili ya ugonjwa kwa anayejua kuyasikia. Kuna pia neno pole, ambalo lugha ya mgeni haina kilinganishi chake. Kiingereza humlazimu mtu aombe msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda, au anyamaze. Mswahili husema pole kwa msiba asiousababisha, na aliyepewa pole hujibu, ameshapoa kidogo. Mwanafunzi aliyejifunza kusema pole na kunyamaza amefanya zaidi ya yule aliyekuja na maswali arubaini.

Kisha kuna suala la kuondoka. Kikosi cha kujitolea cha Peace Corps kimetuma vijana wa Kimarekani nchini tangu katikati ya miaka ya 1960. Ghasia ziliposhamiri mapema mwaka 2008, kiliwaondoa watu wake na kusimamisha kazi zake kwa miezi kadhaa. Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia, vyuo viliwaita wanafunzi wao nyumbani duniani kote. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Chuo kina wajibu kwa wazazi wa mtoto, na serikali ya Marekani kwa miaka mingi imekuwa ikiwashauri raia wake wafikirie upya safari ya kwenda Kibera. Ila matokeo yake ni kwamba anayekuja kuponya jeraha la vita ni, kwa kanuni za aliyemtuma, mtu wa kwanza kuondoka vita vinapoanza.

Waliobaki Januari 2008 ni akina nani? Ni redio ya Pamoja FM, iliyokuwa imeanza kurusha matangazo yake Kibera mwaka 2007, ambayo watangazaji wake kutoka makabila mbalimbali waliwasihi vijana kwa majina ya mitaa yao waache kuchomeana. Ni msanii Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, aliyezunguka na kopo la rangi akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta, milango na mabati. Ni wanawake waliojikusanya chini ya uongozi wa Bi Jane Anyango, wa Luo kwa Kikuyu kwa Nubi, wakaunda chama chao cha amani. Hakuna kati yao aliyepewa alama za shahada.

Katika miaka ya karibuni umeibuka mfano unaonivutia zaidi, kwa sababu unageuza safari. Bw Tom Osborn, kijana wa Kenya aliyekwenda kusoma Chuo Kikuu cha Harvard, alirudi na wenzake wakajaribu Kibera mwaka 2018 mpango wa kuwasaidia wanafunzi wa shule ya upili wenye dalili za huzuni na wasiwasi. Jaribio la kwanza lilikuwa dogo mno, wanafunzi 51. Jaribio lililofuata, ambalo matokeo yake yalichapishwa katika jarida la JAMA Psychiatry mwaka 2021, lilihusisha wanafunzi 413. Walioongoza vikao ni vijana wa Kenya waliomaliza shule ya upili juzi tu, wakapewa mafunzo mafupi. Hawakuwataka watoto wasimulie maafa. Waliwafundisha kwamba mtu hubadilika, wakawauliza wanashukuru nini na wanathamini nini. Dalili zilipungua. Shirika hilo linaitwa Shamiri, na mhariri mkaidi angeweza kuuliza mbona neno hilo tunalitumia pia kwa ghasia, kama nilivyofanya hapo juu. Lakini jina ni lao.

Umuhimu wa mfano huu ni kwamba mganga na mgonjwa wamepanda matatu moja. Jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili lilipokabidhi ripoti yake Julai 2020 lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Wataalamu ni wachache, na waliopo wamejazana mijini kwenye kliniki za kulipia. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na wageni wa wiki sita, hata wakija elfu kumi. Linaweza kuzibwa kwa sehemu na kijana wa Kibra au Dagoretti Kaskazini aliyemaliza kidato cha nne, akafunzwa vyema, akasimamiwa na kulipwa.

Hapa ndipo vyuo vyetu vinapaswa kuulizwa. Kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Makina si mbali. Chuo cha USIU kina somo la lazima la kuitumikia jamii, na Strathmore kina mpango wake wa kuwapeleka wanafunzi katika jamii. Ni hatua nzuri. Lakini mwanafunzi wetu wa saikolojia au sheria anaweza kuhitimu bila kuketi hata mara moja na wazee wa nyumba kumi wa Gatina wakisuluhisha ugomvi wa kodi, ilhali mwenzake wa North Carolina amevuka bahari ili auone. Fedha nazo hufuata njia ya ajabu. Mwanafunzi wa nje hulipa chuo chake karo ya programu, chuo hulipa kampuni ya kupanga safari, na mwenyeji anayemwongoza kwenye vichochoro na kumlinda kutwa nzima hupewa chakula cha mchana na fulana.

Isitoshe, yapo majeraha ambayo hayatapona kwa mazungumzo ya aina yoyote, yawe ya wageni au yetu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na mapendekezo yake kuhusu fidia hadi leo hayajatekelezwa. Mwezi Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali zilizopita na kuahidi hazina ya Sh10 bilioni ya kurejesha haki. Pole ilitolewa, fedha zikakwama. Desemba 10, 2020, Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ilikosa kuwalinda na kuchunguza mashtaka ya watu waliodhulumiwa kingono katika ghasia za 2007 na 2008, na ikaagiza wanne walipwe Sh4 milioni kila mmoja. Walalamishi walikuwa wanane. Ripoti ya Waki ilikuwa imeandika juu ya visa takriban 900. Anayetaka kujua kwa nini mwanamke wa Kibera bado ana mawazo aanzie kwenye hesabu hiyo, si kwenye mila zake.

Wala tusiseme yamepita. Machi 27, 2023, wakati wa maandamano ya upinzani kuhusu gharama ya maisha, kanisa lilichomwa Kibera na watu wakarushiana mawe kwa misingi ya kabila na dini. Waliokuwa wakirusha mawe hayo, wengi wao walikuwa wachanga sana, au hawajazaliwa, Soko la Toi lilipoungua.

Mashirika yanayowapokea wageni yana uwezo wa kubadili mengi bila kusubiri sheria mpya. Yanaweza kukataa kundi ambalo chuo chake hakijajifunga kwa miaka mitano na mradi mmoja. Yanaweza kukataa kumweka mnusurika mbele ya kamera. Yanaweza kumpa mwanafunzi kazi za karani zinazohitajika kweli, kama vile kupanga faili za zahanati, kuandika maombi ya ufadhili au kufunga hesabu, na kumwacha mshauri nasaha wa mtaani afanye kazi yake. Ni kazi zisizo na picha nzuri. Na inapotajwa idadi ya wakazi wa Kibera, waache kuiambia dunia kwamba ni milioni moja, kwani sensa ya 2009 ilihesabu 170,070, na uongo wa huruma bado ni uongo.

Liko jambo moja la ratiba ambalo wapangaji wa safari hizi hawana budi kulijibu mapema. Katiba ya 2010 imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na kwa hesabu hiyo ujao ni Agosti 10, 2027. Programu nyingi za likizo huanza Juni na kumalizika mwishoni mwa Julai, wiki mbili au tatu kabla ya kura. Chuo kinachotuma wanafunzi Kawangware kuponya majeraha ya 2017 kinapaswa kusema sasa iwapo katika mwaka huo kitawatuma kama kawaida, kitaahirisha hadi Januari, au kitazituma zile nauli peke yake, zilipie mishahara ya washauri wa mtaani kuanzia Julai hadi Desemba.